Mposaji Aliyekufa Mara Mbili

SEHEMU YA SABA

"Huyu kijana ana wake wanne," alisema Shangazi Dativa, "na amekufa mara mbili."

Hapo ndipo tulipoachana Jumamosi iliyopita, na tangu siku hiyo simu yangu haijapoa. Msomaji mmoja wa Kidatu amenitukana bila hata salamu. Mwingine, ambaye hakusema yuko wapi, ameuliza mtu anawezaje kufa mara mbili halafu akaja kuposa amevaa shati la mikono mirefu. Tulieni. Nitawajibu wote, ila kwa zamu.

Kwa mgeni aliyelinunua gazeti hili leo tu, pengine kwa ajili ya kufungia maandazi, habari ni hii. Kelestini ni fundi wa mashine ya kukoboa mpunga kule Lumemo. Anamtaka Klementina, binti wa Mzee Raimundi wa Mlabani, na Klementina anamtaka yeye. Barua ya posa ilipelekwa mwezi uliopita na mshenga, Mzee Fulgence, mtu mwenye maneno matamu na tumbo lisilokataa kitu. Leo wameitwa kupewa jibu.

Mzee Raimundi amekwisha kutangaza kwamba jibu litatoka leo hii hii, kabla sahani hazijaoshwa, na likishatoka hana tabia ya kulirudia. Akisema ndiyo, Kelestini ana mke. Akisema hapana, basi ni hapana mpaka wote wazeeke.

Kikwazo ni shangazi. Dativa ni dada mdogo wa Mzee Raimundi, na kazi ya kumchunguza mposaji ni yake. Zamani kazi hiyo ilifanywa kwa miguu. Unakwenda kwao kijana, unajifanya unatafuta mbegu ya mpunga, unawauliza majirani kama ukoo ule una ulevi, kifafa au uchawi. Sasa shangazi ana magoti mabaya. Kwa hiyo alikwenda steshenari kwa binti mmoja aitwaye Omega, akawekewa kwenye simu programu ya kutafuta sura.

Unaipa picha moja ya mtu, nayo inazunguka mtandaoni kote na kurudi na kila picha yenye sura ile, iwe ya harusi, ya msiba, au ya mtu aliyepita nyuma yako ukijipiga picha sokoni. Haikuulizi huyo mtu ni nani wako. Mwenye sura ndiye kabisa, haimuulizi neno. Mimi mwandishi wenu, tangu nianze kuisimulia hadithi hii nimekwisha kufuta picha zangu kumi na tisa, na ya ishirini sioni namna, maana iko kwa shemeji.

Hiyo picha moja ya Kelestini shangazi aliipata wapi? Wengi mmeuliza. Hata Kelestini mwenyewe aliuliza, akajibiwa kwamba shangazi ana watu wake. Tuendelee.

Simu ilikuwa mezani, kati ya sinia la wali na bakuli la samaki kitoga aliyechemshwa na nyanya, na hakuna aliyethubutu kuigusa. Mzee Fulgence alikuwa na kipande cha samaki mkononi. Hakikwenda kinywani wala hakikurudi sahanini.

Mzee Raimundi alivaa miwani, akaivuta simu kwa kidole kimoja. Picha ya kwanza, Kelestini amevaa koti la suti na mama wa makamo anamlisha ugali. Ya pili, Kelestini ameshikwa mkono na mwanamke mwingine mnene. Ya tatu, mwingine. Ya nne, mwingine tena, na huyu amemwegemea begani. Ya tano, Kelestini amelala mkekani, shuka mpaka kifuani, pamba puani, na chini yake mtu ameandika "Lala salama baba yetu." Ya sita ni hivyo hivyo.

Mzee Raimundi alisema ya tano na ya sita anaziona kama ni moja.

"Angalia shuka, kaka," alisema shangazi. "Ni tofauti. Ndiyo maana nikasema mara mbili."

Kelestini akishikwa na hofu huligusa jino lake la mbele kwa ulimi. Ni la bandia. La kwake aling'olewa na mkanda wa mashine miaka sita iliyopita, na siri hiyo tunaijua mimi, ninyi wasomaji, na mtu mmoja mwingine duniani. Hata Mzee Fulgence haijui. Basi aliligusa mara tatu, akaomba ruhusa ya kusema, akaruhusiwa.

Hakujitetea kwa maneno mengi. Aliomba simu, akaibonyeza ile picha ya kwanza. Hiyo programu, kumbe, huikata picha ikabakiza sura na walio karibu nayo tu, na ukiibonyeza inakufungulia picha nzima ilikotoka. Ikafunguka. Uwanja umejaa watu, masufuria, maturubai. Wanaume wameshika mbavu kwa kucheka. Yule mama anayelisha ugali naye kinywa kiko wazi kwa kicheko, na nguo zake zote ni nyeusi.

"Huyu ni Mama Bernadetha," Kelestini alisema. "Mume wake, marehemu Anselim, alikuwa dereva wa trekta. Koti ni la marehemu. Mimi ni mtani wao."

Sebule nzima ilipumua.

Ukoo wa kina Kelestini ni watani wa koo tano bondeni. Akifa mtu kwenye koo hizo, Kelestini hana hiari. Atavaa nguo za marehemu, atatembea kama marehemu, atakohoa kama marehemu, atamdai mjane chakula. Atalala mkekani na kugoma kuondoka mpaka apewe kuku. Bernadetha alikuwa hajatia kitu mdomoni kwa siku mbili. Kelestini akamjia kwa sauti ya Anselim kabisa, akalalamika kwamba tangu afariki ugali wa nyumba hii haujaiva. Mama akacheka. Alipocheka akalia, na alipokwisha kulia akala. Kelestini hujisikia vizuri kila akiikumbuka siku ile.

Sasa mtaniuliza: mwanamke aliyezaliwa bondeni, akaolewa bondeni, na misiba yote ya bondeni akaipikia, anashindwaje kumtambua mtani? Nitawaambia. Simu ilimpa shangazi sura, haikumpa msiba. Akiwa amekwisha kumwona kijana na wake wanne, akili yake ilifunga mlango na kitasa.

Mzee Fulgence ndiye aliyekuwa wa kwanza kucheka, na kile kipande cha samaki hatimaye kikafika kilikokuwa kinakwenda. Akasema yeye alijua tangu mwanzo, jambo ambalo si kweli. Kutoka jikoni, ambako Klementina alikuwa ametega sikio mlangoni, kilisikika kifuniko cha sufuria kikianguka kwa furaha.

Mzee Raimundi peke yake hakucheka.

"Misiba ya Kiberege nako huwa unakwenda?" aliuliza polepole.

Kelestini alitazama chini. Chini kulikuwa na miguu ya Mzee Raimundi, mikubwa, ndani ya makatambuga yake ya tairi la lori. Kelestini aliyatazama yale makatambuga kitambo, halafu akasema kote anaitwa.

Mzee Raimundi alikohoa. Akasema kwamba naam, mambo yamekwisha, hakuna haja ya kuendelea kuangalia mapicha, binti aitwe aulizwe, watu wana safari. Mzee ambaye kwa kawaida huchukua robo saa kumaliza sala ya chakula, ghafla alikuwa na haraka ya mtu aliyeacha moto shambani.

Na hapo, wapendwa, mambo yangeisha, na mimi ningetafuta kazi nyingine. Lakini mnamjua Shangazi Dativa. Mtu aliyeaibika mbele ya wageni hawezi kuweka simu chini hivi hivi. Alikuwa anaendelea kupangusa kioo kwa kidole gumba, picha ya saba, ya nane, akitafuta walau mke mmoja wa kweli.

Kidole kikasimama.

"Hili koti," alisema. Sauti ilikuwa imebadilika. "Hili koti ni la Martin."

Martin. Jina hilo lilikuwa halijatamkwa katika nyumba ile kwa mwaka mzima na miezi miwili.

Martin alikuwa kaka yao mkubwa, mkazi wa Kiberege. Yeye na Raimundi waligombana juu ya mtumbwi wa baba yao, kila mmoja akidai ameachiwa yeye. Walinuniana miaka tisa. Mtumbwi wenyewe ulioza mwaka wa tatu, ugomvi ukaendelea bila mtumbwi. Raimundi aliapa mbele ya ukoo wote, kwa jina la mama yao, kwamba hatatia mguu katika uwanja wa Martin, awe hai au amekufa. Martin akafa. Dativa akampigia kaka yake simu mara kumi na moja akimsihi aje wamzike ndugu yao. Raimundi alijibu kwamba ana homa.

Tangu siku hiyo Dativa hakumsamehe. Amekuja kwenye posa hii kwa sababu ni shangazi, na shangazi hakwepi posa, lakini chai ya kaka yake hajainywa mpaka leo. Amekuja na chupa yake.

Aliibonyeza picha ikafunguka nzima, akamgeuzia Kelestini simu. Kwenye picha, mtu mwenye uso uliopakwa unga na masharubu ya mkaa amevaa koti la Martin, amepiga magoti mbele ya akina mama.

"Ni wewe," alisema. "Yule mtani wa siku ile ni wewe. Mimi nilikuwa jikoni, nilikuona kwa mbali, sikukujua na ule unga."

Simu ilikuwa imemjua. Kelestini alikiri kwamba ni yeye, akampa pole ya msiba, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi shangazi alimtazama kama binadamu. Alisema siku ile alicheka huku anapakua wali, na alishangaa kwamba moyo wake bado una nafasi ya kucheka. Alisema asante. Mzee Fulgence alipangusa macho kwa kiganja chenye mchuzi, akajuta.

Palikuwa ni mahali pazuri sana pa kuishia. Shangazi akasema: "Ngoja."

Programu ile ikiona sura huizungushia mraba mdogo. Mraba mmoja ulikuwa kwenye uso wa unga. Mwingine ulikuwa nyuma kabisa, karibu na migomba, kwa mwanamke aliyekaa peke yake, amejifunika kanga mbili gubigubi, yakabaki macho na pua.

"Ndiye huyu," shangazi alisema. "Mla wali."

Hapo lazima niwaeleze. Katika msiba wa Martin kulikuwa na mwanamke ambaye Dativa amemsimulia Ifakara nzima, kanisani, kisimani na kwenye vikao vya vikoba. Jitu la mwanamke, miguu mikubwa, hakusalimia mtu, hakumpa mtu pole, hakushika hata mwiko. Dativa mwenyewe alimpelekea sahani ya wali, akala. Akampelekea ya pili, akala. Halafu akaondoka kabla ya maziko kwisha, bila kunawa, bila kuaga. Nani yule? Hakuna aliyemjua. Dativa aliamini ni hawara wa marehemu, na kwa mwaka mmoja na miezi miwili amekuwa akimtafuta amwambie maneno fulani ambayo ameyatunza vizuri.

Sasa alikuwa naye kiganjani, ndani ya mraba.

Alieleza kwa furaha jinsi inavyofanya kazi. Unaubonyeza mraba, basi. Kila mahali sura ile ilipowahi kuonekana, italetwa. Hakuna anayejificha, alisema, hata kaka hapa yumo, Omega alimwonyesha zile picha za jumuiya, kaka amesimama mbele na kitabu cha nyimbo.

Mzee Raimundi alivua miwani, akaivaa tena, akaivua.

Kelestini ndiye pekee aliyejua kwa nini. Siku ile ya msiba, akiwa ndani ya koti la Martin, alizunguka kwa akina mama akiwatania mmoja mmoja. Alifika kwa yule wa migombani, akainama amfunue kanga kama utani unavyotaka. Ndani ya kanga akaona ndevu. Ndevu nyeupe, zimelowa machozi. Mwanamume mtu mzima alikuwa analia kimyakimya huku ameuma pindo la kanga ili sauti isitoke.

Kelestini aliirudisha kanga. Akasimama, akawatangazia watu kwa sauti ya Martin kwamba huyu ni mke wake mdogo, mgonjwa, asisogelewe na mtu. Watu wakacheka, wakamwacha. Kelestini hakumjua ni nani, aliyajua macho yake na makatambuga tu. Alikuja kumjua miezi mitano baadaye, siku Klementina alipompeleka nyumbani kumsalimia baba. Alipiga shikamoo, akainamisha macho kwa heshima, na makatambuga yakawa mbele yake.

Hakusema. Mtani hatoki na habari ya msiba. Ukitoka nayo, nani atathubutu kulia mbele yako tena? Hakumwambia hata Klementina.

"Shangazi," alisema sasa, "usiutafute uso wa mtu aliyekuwa analia."

Shangazi alijibu kwamba huyu hakuwa analia, alikuwa anakula. Akaubonyeza mraba.

Kiduara kikaanza kuzunguka. Mnaijua mitandao yetu ya Ifakara wingu likikaa juu ya Udzungwa. Kilizunguka, kikasimama, kikazunguka. Asilimia kumi. Asilimia kumi na nne. Mzee Raimundi alikuwa amelishika kochi kwa mikono miwili. Mwenyekiti wa jumuiya, mtu aliyekula kiapo kwa jina la mama yake, amevaa kanga mbili na amekula wali wa msiba kwa siri. Asilimia ishirini.

Kelestini alisimama.

Ninachowaambia sasa mtakisoma mara mbili, na mimi nilikiandika mara tatu.

"Funga simu, shangazi," alisema. "Ulivyosema mwanzo ni kweli. Nina wake wanne."

Mzee Fulgence alikwamwa na mwiba wa samaki. Shangazi aliinua uso, ameduwaa, akamkumbusha kijana kwamba amekwisha kueleza mambo ya utani na yameeleweka.

"Nilidanganya," alisema Kelestini. "Nina wake wanne, na huyo mwanamke ni mmoja wao. Umemshika. Basi tusipoteze bando lako. Mimi na mshenga tutaondoka."

"Na kufa?" Mzee Fulgence aliuliza kwa sauti ndogo, huku anajipiga kifua.

"Na kufa nimekufa."

Hakuna kijana duniani aliyewahi kujimaliza vizuri namna ile. Alikuwa anampenda Klementina kuliko kitu chochote alichowahi kukishika, na alijua kwamba mlango ule akitoka leo hautafunguliwa tena. Lakini aliangalia yale makatambuga, akaona vidole vya mzee vimejikunja ndani yake kwa aibu, na hakuweza.

Mzee Raimundi alikuwa anamtazama. Alimtazama kijana, akatazama alikotazama kijana, akaiona miguu yake mwenyewe. Akaelewa. Ile sauti ya Martin iliyosema huyu ni mke wangu, mgonjwa, asisogelewe, mwaka mzima ameisikia usingizini, na mwenye sauti alikuwa amekaa sebuleni kwake anakula wali.

Asilimia themanini.

"Dativa," alisema. "Iache. Yule mwanamke ni mimi."

Shangazi aligeuka. Alimtazama kaka yake, akaitazama simu, akamtazama kaka yake.

"Sikuwa na homa," Mzee Raimundi alisema. "Nilichukua kanga mbili za mke wangu, nikapanda gari la saa kumi na moja alfajiri. Nilikuwa nimeapa, Dativa. Nilijiambia aliyeapa ni Raimundi, huyu anayekwenda ni mwanamke tu. Nilitaka kumwona anavyoingizwa chini. Sikuweza kukaa mpaka mwisho."

Halafu akalia, mzee mzima, na safari hii bila kanga.

Mtu angetegemea kwamba Shangazi Dativa angemkumbatia. Hakumkumbatia. Midomo ilicheza, na kilichotoka kwanza ndicho kilichokuwa kimekaa muda mrefu zaidi.

"Ulikula sahani mbili."

"Tatu," alisema Mzee Raimundi. "Ya tatu nilipewa na mama mwingine."

"Mimi nimemtukana yule mwanamke Ifakara nzima. Nimemwombea kuhara."

"Nilisikia. Ulisimulia mwenyewe kanisani, Krismasi."

Ndipo shangazi alipocheka. Alicheka mpaka kitambaa cha kichwa kikafunguka, na katikati ya kicheko akaanza kumpiga kaka yake begani, kofi baada ya kofi, kwa ajili ya simu kumi na moja, na makofi yalivyozidi kuwa mepesi akawa amemshika shingo na wanalia pamoja. Mzee Fulgence, ambaye hakuelewa nusu ya mambo yale, alilia kwa adabu. Baadaye shangazi alijimiminia chai ya nyumba ile, kikombe kizima, akaiweka chupa yake chini ya kiti.

Mzee Raimundi alipangusa uso, akamwambia Kelestini aketi. Akasema ameozesha mabinti wawili na hajawahi kumwona mposaji anayeomba kukataliwa ili kumfichia mkwe aibu. Akasema kwa upande wake jibu analo. Imebaki desturi.

Klementina akaitwa. Aliingia na kanga mpya mabegani, macho chini. Baba yake akamuuliza, kama inavyoulizwa, iwapo wageni hawa anawafahamu.

"Nawafahamu, baba," alisema Klementina, na shangazi akapiga kigelegele kilichowatoa majirani nje.

Sasa ilikuwa zamu ya kijana kuulizwa. Kabla hajaulizwa, shangazi, kwa kutaka kuondoa ubaya, alimpa simu. Akamwambia afute mwenyewe mapicha yale yote, moja moja, kwa mkono wake, ili asiwepo mtu wa kuyachungulia tena. Kelestini alishukuru. Akafuta wake, wa kwanza hadi wa nne. Akajifuta mfu mmoja, akajifuta wa pili. Akaifuta ya koti la Martin, na mwanamke wa migombani akaondoka nayo. Ikabaki moja juu kabisa, ile ambayo programu ilipewa ili ianzie hapo.

Kelestini aliifungua.

Ni kijana ndani ya chumba cha mashine ya mpunga, amevaa fulana, pumba mpaka kwenye kope. Anacheka kwa kinywa chote. Na katikati ya kicheko kuna pengo.

Aliipiga mwenyewe, Jumapili moja, mashine imezimwa na mlango umefungwa. Alilitoa jino, akaliweka juu ya gunia, akacheka, akapiga. Hakuwahi kupiga nyingine ya namna ile. Aliituma na maneno manne, "Hivi ndivyo nilivyo mimi," kisha akakaa saa nzima anasubiri, mpaka likaja jibu kwamba amependeza.

Sasa picha hiyo ilikuwa kwenye simu ya shangazi. Omega wa steshenari ameiona. Mtandao mzima umeichukua kama mbwa anavyonusishwa nguo, ukaenda nayo nyumba hadi nyumba.

"Kelestini," Mzee Raimundi alisema kwa sauti ya kikao, uso wake unang'aa, "umesikia binti alivyojibu. Je, wewe bado unamtaka?"

Kelestini bado alikuwa anaitazama picha. Mzee Fulgence alimgusa kwa kiwiko. Akamgusa tena.

"Baba, nimekusikia," Kelestini alisema mwishowe. Alikuwa hamtazami mzee. Alikuwa anamtazama Klementina, na ulimi wake uko juu ya jino. "Lakini mimi nina swali langu kwanza. Klementina, picha hii nilimtumia mtu mmoja tu."

Shangazi alimtupia Klementina jicho. Klementina aliivuta kanga kutoka mabegani, akaipandisha kichwani, akaishusha usoni, yakabaki macho.

Mzee Raimundi, ambaye anajua vizuri sana mtu anavyojisikia ndani ya kanga iliyovutwa namna ile, aliomba sahani zisioshwe kwanza.